Walio mbali hawasikii, na walio chumbani hawajui

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kero ambayo wanaoijua zaidi ndio wasio na namna ya kuilalamikia, kwa kuwa kila wanapojaribu kuisema hawasikiki. Ni kero ya sauti katika vyumba vya mikutano vya vyuo vikuu, pale ambapo baadhi ya wajumbe wamekaa kuizunguka meza na wengine wanashiriki kwa mtandao wakiwa mbali. Tumezoea kuitupia lawama intaneti. Mara nyingi intaneti haina kosa. Kosa ni la chumba, na la mahali maikrofoni ilipowekwa.

Kabla sijaendelea, nifafanue maneno. "Kipaza sauti" tunalitumia kwa kifaa kinachopokea sauti ya msemaji na pia kwa kile kinachoitoa kwa wasikilizaji, na nimewahi kuona ombi la ununuzi likileta kifaa kisichohitajika kwa sababu hiyo tu. Katika barua hii nitasema maikrofoni kwa kile kinachopokea na spika kwa kile kinachotoa.

Mimi ni mhadhiri, na kwa miaka kadhaa nimekaa pande zote mbili: nimekuwa katibu wa kamati ndani ya chumba, na nimekuwa mjumbe wa mbali mwenye visikizio masikioni na kalamu mkononi. Siku moja, nikiwa mbali, kamati ya chuo ambacho sitakitaja ilikuwa ikijadili idadi ya wanafunzi wa kupokelewa katika programu moja ya uzamili. Mwenyekiti akatamka idadi, nami nikaandika 30. Muhtasari wa kikao ulipotoka ulisema 80. Thelathini na themanini ni maneno yenye silabi nne kila moja, yanaanza sawa na yanaishia sawa. Kinachoyatofautisha ni silabi mbili za katikati, na hizo ndizo zilizomezwa na mvumo wa chumba kile. Nilipouliza, nikaambiwa kwamba kila aliyekuwamo alisikia themanini bila shaka yoyote. Naamini kweli walisikia.

Idadi ya wanafunzi hurekebishika kwa barua. Kinachonitia hofu zaidi ni vikao vinavyopitisha mambo kwa maneno kama "tutapitisha" na "hatutapitisha", kwa sababu katika Kiswahili ukanushi wote wa sentensi hiyo umebebwa na "ha" ya mwanzo, ambayo ni pumzi tu, sauti hafifu kuliko karibu zote tunazotamka. Mjumbe wa mbali akiikosa pumzi hiyo ataandika kinyume kabisa cha uamuzi.

Chanzo ni hiki. Irabu hutamkwa kwa nguvu na huchukua muda. Konsonanti nyingi ni fupi na dhaifu, na baadhi yake, kama s, f na th, nguvu yake iko katika sauti za juu sana, za hezi 4000 (mitetemo 4000 kwa sekunde) na kuendelea. Katika chumba chenye sakafu ya vigae, dirisha kubwa la kioo, ubao mpana unaong'aa na dari ya zege, irabu iliyokwisha kutamkwa hubaki ikigonga ukuta huu na ule na kuifunika konsonanti inayofuata. Kwa kuwa karibu kila silabi yetu huishia kwa irabu, karibu kila konsonanti huzaliwa katikati ya mvumo wa irabu iliyotangulia. Kumwambia msemaji apaaze sauti hakusaidii hapo, kwa sababu anapopaaza, irabu ndizo zinazopata nguvu zaidi na mvumo unakua pamoja nazo.

Kwa nini basi walio chumbani hawalioni tatizo? Kwa sababu wana masikio mawili na ubongo uliozoea kazi hiyo. Sauti ya msemaji hufika kwanza moja kwa moja, kisha nakala zake zinazorudi kutoka kwenye kuta hufika zikiwa zimechelewa kidogo na zikitoka pande nyingine, na ubongo huishikilia ile ya kwanza na kuzipuuza hizo nyingine bila mwenyewe kujua. Juu ya hayo, huona midomo na mikono. Maikrofoni moja iliyowekwa katikati ya meza haina uwezo huo. Hupokea kila kitu, hukichanganya, hukipitisha kwenye waya mmoja, na mjumbe wa mbali hupewa mchanganyiko ambao ubongo wake hauwezi tena kuuchambua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mwenyekiti anayeuliza "mnatusikia?" akajibiwa "ndiyo" amepata jibu la swali lisilo sahihi. Wanasikia kwamba kuna mtu anasema. Anachosema ni habari nyingine.

Anayetilia shaka afanye jaribio ambalo halihitaji fundi. Aweke simu yake katikati ya meza ya mkutano, amwombe mwenzake akae mwisho wa meza na kusoma kwa sauti ya kawaida ukurasa wa muhtasari wa kikao kilichopita, arekodi dakika mbili, kisha asikilize rekodi hiyo kwa visikizio akiwa mahali pengine. Nimewafanyia hivyo wenzangu watatu kwa nyakati tofauti, na wote watatu waliuliza kama simu yangu ni mbovu.

Dawa ya kwanza, na kwa maoni yangu kubwa kuliko zote, ni kuisogeza maikrofoni karibu na mdomo. Kila umbali unapozidishwa mara mbili, sauti inayofika moja kwa moja hupungua kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kutoka sentimita 30 hadi 60, kisha 120, kisha 240, ni hatua tatu za kuzidisha, yaani desibeli 18, na nguvu ya sauti inayofika imebaki sehemu moja kati ya 64. Mvumo wa chumba haupungui hivyo. Umeenea karibu sawa kila kona. Kwa hiyo kuna umbali fulani ambao sauti ya mtu na mvumo wa chumba hulingana, na zaidi ya hapo chumba ndicho kinachosikika kuliko mtu. Katika chumba cha urefu wa mita 8, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3, ambamo sauti huchukua sekunde moja na nusu kufifia, umbali huo kwa maikrofoni inayosikia pande zote ni kama sentimita 56. Soma tena: sentimita 56. Wajumbe wengi wa kamati hukaa mita mbili au tatu kutoka kwenye kile kifaa cha mviringo kinachowekwa katikati ya meza, kisha tunashangaa kwamba sauti zao zinatoka kama zinasemwa kutoka kisimani.

Maikrofoni zenye shingo ndefu, moja kwa kila wajumbe wawili, au zile ndogo za kubana kwenye kola ya shati, si vifaa vya kupendeza macho, na ndiyo maana wasimamizi wa majengo hawazipendi. Lakini zinafanya kazi. Ziwe za aina inayosikia zaidi upande wa mbele, na ziwe na mtambo unaozifungua zile tu zinazosemewa na kuzinyamazisha nyingine, kwa kuwa kila idadi ya maikrofoni zilizo wazi inapoongezeka mara mbili, mvumo na kelele zinazokusanywa huongezeka kwa desibeli 3 hivi. Maikrofoni kumi zilizoachwa wazi zote kwa pamoja ni balaa. Na pale ambapo hakuna uwezo wa kununua nyingi, moja isiyo na waya inayopokezanwa mkono kwa mkono ni bora kuliko kifaa cha kifahari kilichobandikwa juu ya dari.

Hapo nawagusa wauzaji. Kuna maikrofoni za dari zenye vipokezi vingi ndani yake, ambazo hupambanua sauti inatoka upande gani na kuuelekeza usikivu wake huko. Ni kazi nzuri ya kihandisi, na katika chumba kilichotulizwa sauti zinaleta matokeo mazuri. Lakini dari bado iko mbali na mdomo, na chumba kinachovuma hakiachi kuvuma kwa sababu kifaa ni cha gharama. Nimeshiriki vikao vya chumba kilichofungwa mtambo wa namna hiyo chini ya dari ya zege tupu: tuliokuwa mbali tulisikia mvumo ule ule, ila sasa ulikuwa ukibadilika kila msemaji alipogeuza kichwa. Kifaa hicho kiwe cha mwisho kununuliwa.

Dawa ya pili ni chumba chenyewe, na hapa vyuo vikuu havina kisingizio, maana elimu hii ilianzia chuoni, ndani ya chumba kibovu cha mihadhara. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na ukumbi mpya katika jumba lake la makumbusho ya sanaa la Fogg ambamo mhadhiri hakueleweka, kwa kuwa ukumbi ulipokuwa mtupu neno lilibaki likisikika kwa zaidi ya sekunde 5. Kazi ya kuurekebisha alipewa mwanafizikia kijana, Wallace Clement Sabine. Alichukua mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo hicho, akawa anaiingiza kidogo kidogo wakati wa usiku, akipuliza bomba la kinanda na kupima kwa saa muda ambao sauti ilichukua hadi kutoweka. Kutokana na mito hiyo alipata kanuni ambayo wahandisi wanaitumia hadi leo: zidisha ujazo wa chumba kwa 0.161, kisha gawanya kwa eneo linalofyonza sauti, utapata sekunde ambazo sauti itachukua kufifia.

Tuirudie kamati yetu ndani ya chumba kile cha mita 8 kwa 6 kwa 3. Ujazo wake ni mita za ujazo 144. Ikiwa sauti inachukua sekunde moja na nusu kufifia, maana yake ni kwamba kuta, sakafu, dari na samani zote kwa pamoja zinafyonza sauti kama vile kungekuwa na mita za mraba 15 tu za nyenzo inayofyonza kikamilifu. Kiwango cha Marekani cha sauti madarasani, ANSI S12.60, kinataka isizidi sekunde 0.6 kwa chumba cha ukubwa huo kikiwa hakina watu, na ili kufika hapo tunahitaji kama mita za mraba 39. Upungufu ni 23 au 24. Kwa nyenzo inayofyonza asilimia 85 ya sauti inayoigonga, tunahitaji mita za mraba 28 hivi, na dari peke yake ina 48. Kwa maneno mengine, kazi nzima ni kufunika zaidi kidogo ya nusu ya dari, au, na hivi ndivyo ningefanya mimi, kufunika sehemu ya dari na kupeleka kiasi kwenye kuta mbili zinazopakana, ili kuta zinazotazamana ziache kurushiana sauti. Piga kofi moja katikati ya chumba kitupu: ukisikia mlio kama wa bati linalotetemeka, kuta hizo ndizo zinazozungumza.

Nyenzo nazo zichaguliwe kwa akili. Trei za mayai hazifanyi lolote la maana, ingawa kila kizazi cha wanafunzi huzigundua upya. Zulia jembamba na pazia jepesi hufyonza sauti za juu tu na kuuacha ule mvumo mzito wa irabu ukiendelea, na sponji nyembamba ya kubandika ni hivyo hivyo. Kinachofaa ni vibao vya pamba nene ya madini, ya sentimita 5 au zaidi, vilivyovikwa kitambaa kinachopitisha hewa na kuachiwa nafasi kidogo nyuma yake badala ya kubandikwa moja kwa moja ukutani. Wala tusichanganye mambo mawili: vibao hivi vinatuliza sauti iliyomo chumbani, havizuii kelele za koridoni kuingia. Kwa hilo kuna mlango mzito unaofunga vizuri, na kuna suala la kiyoyozi, ambacho mara nyingi huunguruma juu ya kichwa cha mtu anayesikika kwa shida kuliko wote. Kiwango nilichokitaja kinataka kelele ya nyuma, ile inayosikika hata pasipo mtu anayesema, katika chumba kama hicho isizidi desibeli 35. Viyoyozi vingi nilivyokaa chini yake havikaribii hapo.

Lakini hata baada ya kazi hiyo yote, ule umbali wa sentimita 56 utakuwa umefika 88 tu. Ndiyo sababu nimeitanguliza maikrofoni na kuziweka kuta baadaye. Anayeanza na kuta akabaki na kifaa kimoja katikati ya meza atakuwa amepunguza maumivu bila kuutibu ugonjwa.

Niseme pia juu ya mwangwi, ule wa mtu kusikia maneno yake mwenyewe yakimrudia. Wengi huhangaika na mitambo yao wanapousikia, ilhali kosa karibu kila mara liko upande wa pili: sauti yako imetoka kwenye spika ya kule, imeingia kwenye maikrofoni ya kule, na imerudishwa kwako. Programu za mikutano zina kazi ya kuiondoa. Hulinganisha kilichopelekwa kwenye spika na kilichonaswa na maikrofoni, kisha hukitoa. Chumba kikivuma sana, sauti hurudi kwa njia nyingi na kwa muda mrefu kiasi kwamba programu hushindwa kuifuata hadi mwisho wake. Na pale mjumbe mmoja aliye chumbani anapofungua kompyuta mpakato yake, akajiunga na kikao hicho hicho na kuacha maikrofoni na spika wazi, hesabu yote huvurugika, kwa sababu kila mashine inajua kuondoa sauti iliyotoa yenyewe tu na haina habari na ile iliyotolewa na jirani yake. Dawa ni amri moja ya mwenyekiti: chumba kina maikrofoni na spika za mfumo mmoja, kompyuta nyingine zote zinyamazishwe, maikrofoni na spika pia.

Kuna athari nyingine ya mitambo hii ambayo sijaona ikizungumzwa. Chumba kinapokuwa kibaya, programu hujilinda kwa kukata sauti ya upande mmoja wakati upande mwingine unasema, na upande wenye watu wengi, viti vinavyoburutwa na karatasi zinazopekuliwa ndio unaoshinda. Mjumbe wa mbali anayetaka kuingilia kati kwa hoja ya utaratibu anajikuta anasema peke yake. Ongeza kuchelewa kwa sauti njiani, ambako mapendekezo ya ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, yanataka kusizidi milisekunde 150 kwa kila upande ili mazungumzo yaende kwa kawaida, na utaona kwamba yule anayesubiri upenyo wa kusema huupata ukiwa umeshafungwa. Tunamhesabu kwenye akidi, lakini sauti yake katika mjadala hatunayo. Mwenyekiti anaweza kulipunguza hili kwa kunyamaza sekunde mbili kamili baada ya kuuliza kama kuna hoja, na kwa kuwaita walio mbali kwanza.

Nililoliona likiniuma zaidi lilitokea katika utetezi wa tasnifu ya uzamivu. Mtahini wa nje alikuwa mbali. Mtahiniwa, kijana aliyejiandaa vizuri, alikuwa amesimama kando ya skrini, mita 4 kutoka kwenye maikrofoni, na kila alipoonyesha mchoro aligeuza uso ukutani. Mtahini aliomba arudie mara ya kwanza, akaomba mara ya pili, na mara ya tatu akasema "sawa, tuendelee" kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa kwa adabu. Jibu lile lilikuwa zuri. Nililisikia mimi niliyekuwa chumbani. Alipewa alama na mtu ambaye hakulisikia. Maikrofoni ya kubana kolani ilikuwa kwenye droo ya meza ya katibu, betri yake imekwisha.

Ombi langu kwa wakuu wa vyuo na kamati zao za zabuni ni dogo. Skrini kubwa na kamera zinunuliwe zikihitajika, lakini mtambo wowote wa mikutano usipokelewe kwa kutazamwa. Upokelewe kwa jaribio: mtu mmoja akae kwenye kiti cha mbali zaidi chumbani, kiyoyozi kikiwa kimewashwa kama siku zote, asome orodha ya maneno 50 yanayokaribiana kwa matamshi, na mtu mwingine, aliye nje ya jengo na asiye na orodha hiyo, aandike anachosikia. Fundi asilipwe malipo ya mwisho kabla karatasi hizo mbili hazijalinganishwa.

Mhadhiri na mjumbe wa mbali